Mtumbwi wa Nguo

Hemedi Amuri alikuwa mwoga, na mtaa mzima wa Kabondo, mjini Kisangani, ulijua. Mkewe Clémence alijua zaidi, maana ndiye aliyelala naye. Kila jioni fundi huyo wa cherehani alifunga mlango kwa komeo, akautikisa, akasogeza kiti nyuma yake, akapanda kitandani, kisha akauliza kama mlango umefungwa. Kivuko cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, hakukipanda hata siku moja. Hakujua kuogelea, na hakuona sababu ya kujifunza ukubwani katikati ya Mto Kongo.

Clémence alikuwa mtu wa Yanonge, mtoto wa mto, aliyeshika kasia kabla hajajua kufunga kitambaa kichwani. Walipooana, mjomba wake alinung'unika kwamba mtoto wa maji amepelekwa kukaushwa kwa Waislamu wa mjini. Clémence akamjibu kwamba samaki mkavu ndiye anayedumu. Alihamia Kabondo, akaanza biashara yake ya kwanga, ile mikate ya mihogo, akazaa binti mmoja, Madina, na akamcheka mumewe miaka yote bila kuchoka.

Kwa hiyo mwezi wa saba, mwaka ule wa uhuru, alipomwona Hemedi anarudi kwa miguu bila baiskeli, ameshika ncha ya chombo kirefu cha kijani na kibarua mmoja ameshika ncha ya pili, aliweka mwiko chini akangoja maelezo.

Kilikuwa kayaki. Mzungu mmoja wa kituo cha kilimo cha Yangambi alikuwa mteja wa Hemedi. Kila chombo chake kilipochanwa na mawe alikileta kushonwa. Mbavu zake zilikuwa za mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, na juu yake turubai iliyopakwa rangi nzito ya mpira. Sasa Wazungu walikuwa wanaondoka kwa fujo, wanauza hata vijiko, na Hemedi alikuwa ameuza baiskeli yake asubuhi ileile ili akinunue.

"Papa Madina," Clémence akasema, "baiskeli iko wapi?"

"Nimeuza."

"Na hii njo nini?"

"Njia ya kukimbilia. Bon, sikiliza. Lori inaomba mazutu, na mafuta haiko. Barabara iko na bariere, askari banazuia batu. Lakini mto inateremuka yenyewe mpaka kwenu Yanonge. Siku mambo itaharibika, tunaingia ndani, tunakaa kimya, maji inatubeba."

"Wewe unaogopa maji."

"Naogopa maji. Lakini batu nabaogopa kupita maji."

Clémence alicheka hadi akakaa chini. Kisha akakigonga kile chombo kwa kidole, akasikia kinabonyea. "Nguo," akasema. "Mutumbwi ya nguo." Na jina hilo likakaa. Majirani walipotaka kumchokoza fundi walimwuliza mtumbwi wake wa nguo utavaliwa lini.

Mahali pa kukiweka palikuwa taabu nyingine. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kayaki ilikuwa ndefu kuliko chumba chochote. Hemedi alitoboa ukuta wa udongo katikati, pua ikalala chini ya kitanda, mkia ukatokeza sebuleni chini ya meza ya cherehani. Wateja waligonga magoti. Clémence akifagia alilazimika kufagia kwa kuzunguka. Kila mwezi, jua likiwa kali, Hemedi alikitoa nje, akakipangusa, akakianika, akakipaka poda ya watoto kwenye mikunjo, huku akimweleza mkewe kwamba turubai haipendi unyevu. Clémence aliitikia "yee" bila kusikiliza. Mambo ya nguo yalikuwa ya mumewe, kama ya maji yalivyokuwa yake, na ndoa yao ilikuwa imetulia kwa sababu hakuna aliyeingia shamba la mwenzake.

Ikapita miaka minne. Mwezi wa nane wa mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne, waasi walioitwa Simba waliingia mjini.

Wengi wao walikuwa vijana, wamefunga majani kichwani na ngozi mikononi, na dawa yao ilisemekana inageuza risasi kuwa maji. Dawa ilikuwa na masharti. Simba asiguswe na mtu asiyechanjwa. Simba asioge, wala asiingie mtoni, wala asinyeshewe bure, maana maji yanaiua dawa kwanza na mwenye dawa baadaye. Madina alikuwa ameshapelekwa Yanonge kwa bibi yake kabla barabara hazijafungwa, na Clémence alimshukuru Mungu kila siku kwa hilo. Walibaki wawili, wakinong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe.

Siku moja komanda mmoja alisimama barazani na ngozi ya nyani mkononi. Alitaka ishonwe mabegani mwa shati jipya. Hemedi alinyanyua utepe wake wa kupimia, akapiga hatua moja mbele.

"Usiniguse," komanda akasema. "Ukinigusa, dawa inakufa. Na wewe njo utaifuata."

Clémence alikuwa pembeni akimenya mihogo, na kisu kilisimama mkononi mwake. Utamshoneaje shati mtu usiyeruhusiwa kumgusa? Hemedi alitafuta kijiti, akakinyoosha mbele ya uso wake, akafumba jicho moja, akapima bega la yule mtu kutoka hatua kadhaa, akatia alama kwa ukucha. Alimzunguka hivyo taratibu. Aliposhona, sindano za cherehani zilivunjika kwenye ngozi moja baada ya nyingine, akamalizia kwa mkono. Na kilichomtisha zaidi ni pini. Alilipapasa shati lile kila pindo, akarudia, akampa Clémence naye apapase. Ikiwa risasi haimtoboi komanda na pini ya fundi ikamtoboa, nani angeeleza?

Muda wote huo mkia wa kayaki ulikuwa chini ya meza, umefunikwa vipande vya vitambaa, na kiatu cha komanda kilikuwa kando yake. Clémence alikitazama kile kiatu mpaka macho yakamuuma. Alimpenda mumewe kwa kicheko siku zote; siku ile alimpenda kwa hofu. Hemedi alimpelekea komanda shati kwa ncha ya kijiti. Likamkaa sawasawa. Komanda alifurahi, na hiyo ndiyo ikawa balaa, kwa sababu wiki iliyofuata Simba walikuja kwa makundi na ngozi zao, na fundi Hemedi akawa fundi wa waasi pasipo kuulizwa.

Halafu likaja tangazo. Kila mwenye chombo cha majini akipeleke bandarini. Atakayeficha ni jasusi, anavusha maadui. Hemedi alitumia siku ya kupeleka vyombo kwa kuogopa: akiogopa kukipeleka wasimwulize amekitoa wapi, akiogopa kutokipeleka. Jua likazama. Kesho yake alikuwa mtu aliyeficha chombo.

"Tuichome," akasema.

"Mupira inanuka. Bale ba bariere batasikia harufu mbele moshi haijatoka."

"Tuikate."

"Utaitupa wapi?"

Hemedi alikaa kitandani, miguu yake ikigusa pua ya kayaki, akaanza kulia kimyakimya. Clémence hakucheka. Alitafuta kichwani jambo lolote alilolijua kwa hakika. Akalipata kwa baba yake.

"Wakati ya État ya Babeleji," akasema, "askari bakikuja kukamata mitumbwi, papa yangu alikuwa anaficha yake ndani ya maji. Unaijaza mawe, inalala chini. Siku unaitaka, unatoa mawe. Mutumbwi ikikaa inje kwa jua inapasuka, lakini ndani ya maji inaweza kulala muaka. Njo kawaida yetu. Tuipeleke kule ninalowekea mihogo. Simba haingie maji, haitaiona."

Hemedi alifungua kinywa. Clémence alimwona akikifungua, na baadaye alikumbuka kwamba alimwona. Kisha akakifunga. "Maji ni mambo yako, Mama Madina," akasema. "Wewe njo unajua."

Walingoja mvua. Ilikuja mchana, ile ya Kisangani inayofuta nyumba ya jirani machoni, na kizuizi cha mwisho wa barabara kikabaki kitupu, kwa kuwa walinzi wake walikuwa wamejibanza chini ya bati kuokoa dawa zao. Clémence na Hemedi waliibeba kayaki imefungwa mikeka mpaka kwenye kijito nyuma ya viwanja. Huko wanawake walilowekea mihogo ya kwanga, magunia yamekandamizwa na mawe, na maji yamefunikwa na yale magugu ya maua ya zambarau ambayo watu waliyaita Kongo ya sika, yaani Kongo mpya. Clémence alijaza mawe, akakanyaga, chombo kikashuka na kutoa mapovu. Hemedi alisimama ukingoni, mvua inamchuruzika, hataki kutazama.

Tangu hapo Clémence alipata usingizi kidogo. Kila alipokwenda kuloweka mihogo alinyoosha mguu, akakigusa chombo kwa kidole cha mguu, akasikia kipo, akarudi nyumbani. Hofu haikwisha, lakini ilikuwa na mlango.

Mwezi wa kumi na moja zilikuja ndege. Watu weupe walianguka kutoka mbinguni wakiwa wamefungwa vitambaa, na nyuma yao wakaja wanajeshi wa serikali. Simba waliobaki walivuka kwenda ng'ambo, dawa au hakuna dawa. Siku zilizofuata watu waliuawa kwa kuwa walikuwa na alama ya chanjo, au kwa kuwa hawakuwa na kitambulisho, au kwa kuwa jirani alinyoosha kidole. Walioziona siku hizo hawapendi kuzisimulia, nami sitawalazimisha.

Asubuhi moja jirani yao Aziza, mjane aliyekuwa akiuza mafuta ya mawese, alipita katika uwazi wa ua bila kupiga hodi.

"Mama Madina, jina ya fundi imetajwa kule uwanjani kwa askari," akasema. "Mutu mumoja amesema njo ule alikuwa anashonea Simba ngozi. Banakuja." Na akarudi kwake haraka, kwa kuwa naye alikuwa na watoto.

Hemedi aliinuka. Alivaa kofia yake, akaivua, akatazama cherehani, akatoka na mkewe kwa nyuma. Walipofika kijitoni Clémence aliingia majini na nguo zake, akaanza kutoa mawe. Alitoa mawe yote. Akashika ukingo wa kayaki, akavuta.

Turubai ikabaki mkononi mwake. Ilitoka yenyewe, laini, bila sauti, na harufu yake ilikuwa ya mihogo iliyosahauliwa. Akavuta tena, ubavu wa mbao ukang'oka, gundi imekuwa uji, na mwingine ukafuata, vikaanza kuelea kimoja kimoja kuelekea mtoni. Clémence alisimama maji kiunoni, akaona alichokifanya. Mtumbwi wa baba yake ulikuwa mti, na mti ulikuwa umezoea maji tangu ulipozaliwa. Hiki kilikuwa nguo. Yeye, ambaye maisha yake yote alitia mihogo migumu majini ili iwe laini, hakufikiri.

Hemedi aliokota kipande cha turubai, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anavyofanya dukani.

"Imeoza," akasema.

"Ulijua itaoza?"

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa naogopa. Nilitaka itoke tu ndani ya nyumba."

Hapakuwa na muda wa kugombana. Upande wa viwanja palisikika mlango unapigwa teke, na mbwa akabweka, kisha akanyamaza ghafla. Clémence alimtazama mumewe, akatazama magugu.

"Ingia," akasema.

"Sijui kuogelea."

"Hautaogelea. Utakaa."

Alimvuta mpaka penye magugu mazito, akamkalisha chini kwenye tope, maji yakamfika kidevuni. Akampakatisha mawe yaleyale, ili asielee, ili hofu isimwinue. Akasogeza magunia ya mihogo pande zote, akavuta Kongo ya sika juu ya kichwa chake, majani yakafungana. Zilibaki pua na macho. Meno yake yaligongana kwa sauti iliyomtia Clémence wazimu. Mkono wa Hemedi ulikuwa umemshika kiganjani na haukuachia; ilibidi auchomoe kidole baada ya kidole.

Alipanda ukingoni na gunia moja, akachuchumaa, akaanza kumenya mihogo iliyolainika. Wanajeshi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima, amechoka, macho mekundu. Mwingine alikuwa na bunduki fupi na hakutulia.

"Mobali na yo azali wapi?" akauliza kwa Kilingala huyu asiyetulia.

Mume wako yuko wapi. Clémence alimjibu kwa Kilingala hichohicho kwamba hana mume, amekufa.

Lini? Siku ya ndege. Mbona jirani amesema jana alionekana? Jirani ameona nini, jirani naye anaogopa.

Mwanajeshi alimkazia macho. Clémence alijua kwamba mjane wa siku chache analia, akajiandaa kulia, na akagundua kwamba machozi yalikuwa yameshafika machoni. Basi aliomboleza kama wanawake wa Yanonge wanavyoomboleza, kwa kumwita marehemu jina na kutaja mambo yake. Hemedi wangu uliyetikisa mlango kila jioni. Hemedi wangu uliyeuza baiskeli kwa ajili yetu. Umeniacha na nani, Hemedi, wewe uliyekuwa hujui hata kuvuka kwenda Lubunga, huko ulikokwenda umevukaje? Na Hemedi alikuwa pale, hatua chache, akisikiliza kilio chake mwenyewe.

Mwanajeshi mzee aligeuza uso. "Tokende," akasema, twende zetu. Alikuwa na mke mahali fulani. Yule mwingine alifuata, lakini kabla ya kugeuka aliinua bunduki, akafyatua kwenye magugu, bila shabaha, kama mtu anavyotema mate njiani. Siku zile walipiga risasi kila kichaka. Maji yaliruka, majani yakachanika, na kimya kikarudi.

Clémence hakuacha kulia. Angeacha, wangeelewa. Angepiga ukelele, wangeelewa. Ilimlazimu aendelee palepale alipokuwa, kwa sauti ileile, na maneno yaleyale, Hemedi wangu, Hemedi wangu, na sasa hakujua tena kama alikuwa anadanganya. Macho yake hayakuthubutu kwenda kwenye maji. Aliwatazama migongo. Walichukua gunia moja la mihogo, wakaondoka nalo wakibishana nani alibebe.

Alipokuwa hasikii viatu vyao tena aliingia majini. Aliita kwa sauti ya chini. Hakuitikiwa. Maji kando ya magunia yalikuwa yamebadilika rangi. Alijisukuma kwa mikono, akishika magugu. Akayapasua.

Macho ya Hemedi yalikuwa wazi. Kinywani alikuwa amejaza mkono wote wa kanzu yake, amekunja na kusokomeza mpaka mashavu yametuna, na alikuwa anapumua kwa pua. Risasi ilikuwa imemtoboa mkono, juu kidogo ya kiwiko cha kushoto. Mkono wa pili ulikuwa bado umekumbatia mawe.

Hawakurudi nyumbani. Clémence alimfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa, wakalala siku hiyo vichakani, na kesho yake binamu yake mmoja aliyekuwa akipita na mtumbwi wa mkaa aliwachukua mpaka Yanonge, Hemedi akiwa amelala chini, juu yake mikeka. Mjini ilisemwa fundi amekufa, mkewe alisikika akimlilia, na hakuna aliyemtafuta tena. Cherehani ilikwenda na wenye nguvu. Kiwiko hakikunyooka tena sawasawa, lakini Yanonge watu walihitaji suruali kama mahali pengine, na Hemedi alishona kwa mkono mmoja na nusu, akaogopa kila kitu kama zamani: ngurumo, mbuzi wenye pembe, wageni, mto.

Clémence hakumwuliza neno kuhusu siku ile kwa miaka mingi. Kila mmoja alimwachia mwenzake kosa lake. Alimwuliza siku moja, Madina alipokuwa ameshaolewa na wao wamebaki wawili tena, Hemedi akiwa anapitisha uzi kwenye sindano na kukosea.

"Risasi ilikuuma?"

"Sana."

"Juu ya nini haukulia?"

Hemedi alilamba ncha ya uzi, akajaribu tena, ukapita.

"Wewe ulikuwa pale mbele yao," akasema.